Baba, Farasi wa Kasugho na Mguu wa Nzanzu

Butembo, quartier Furu
Tarehe 21 Julai 2003

Mpendwa mdogo wangu Phinées,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa niaba ya wote waliobaki katika nyumba yetu. Habari ya huko Ubelgiji? Kile kikohozi cha baridi kilikuachia? Mama anataka kujua kama unakula chakula cha kushiba ama unaendelea na mikate tu. Umjibu yeye mwenyewe juu ya hilo, maana kila siku ananiuliza kana kwamba mimi ndiye ninayekupikia.

Sisi tuko. Mama anatembea na anakula kidogo, ila usingizi umemkimbia. Binti yangu Shalom alishikwa na malaria tulipofika hapa, sasa anacheza. Mimi sina ugonjwa wa kutaja. Tunakaa kwa Ananie, mtoto wa baba mdogo, nyuma ya duka lake. Tunalala kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni, pamoja na jamaa wengine waliotoroka Kasugho. Mke wake hajakunja uso hata mara moja. Ukipata nafasi umwandikie neno la shukrani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ananie aliniambia kwamba alipokupigia simu kukutangazia kifo cha baba, uliuliza swali moja tu kabla ya laini kukatika: kama baba alibaki Kasugho kwa sababu ya farasi. Ananie alishindwa kukujibu. Alikuja akaniambia mimi dada yenu mkubwa, "Yaya Tamar, weye ndiye ulikuwaka kule. Umwandikie." Nimekawia kwa sababu sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, mais angalau mkono umetulia.

Wewe ulimwacha Dishesi akiwa farasi wa mapambo, baba anampiga brashi kila asubuhi hata kama patron, mzungu mwenye shamba la kinakina, ile miti ya dawa ya malaria, alikuwa amekwisha kupanda ndege na kutuachia shamba. Hukumwona katika miaka hii ya vita. Farasi wengine walichukuliwa au kuliwa, yeye peke yake baba aliweza kumficha. Magari yalipoacha kabisa kufika kwetu, baba alianza kumtembeza mpaka barabara ya Lubero. Alikuwa anarudi na chupa za serum na dawa za kituo cha afya, na wakati wa kwenda farasi alikuwa anabeba wagonjwa wasioweza kutembea. Wale wamama waliokuwa wanamkimbia zamani, wanasema ataluma mutu, ndio walianza kumwita ambulansi. Baba alikuwa anafurahi kusikia jina hilo kuliko cheo chochote alichowahi kupewa na mzungu.

Dishesi aliumia katika mvua za mwaka jana. Walikuwa wanateremka mlima na mzigo wa serum, mguu wa mbele wa kushoto ukazama kati ya mizizi. Alirudi nyumbani akichechemea, na mshipa ule mkubwa wa nyuma ya mguu, ule unaounga nyama na mfupa, ulivimba ukapinda kama ndizi. Baba alikuwa anamsimamisha katika maji ya mto kila asubuhi, yeye mwenyewe ndani ya baridi mpaka magotini, kisha anamfunga kwa vipande vya kitenge cha mama. Uvimbe ulipungua. Kwenye tambarare farasi alitembea. Kwenye mteremko alikuwa anasimama, anatetemeka, anakataa. Na unajua kwetu hakuna njia isiyo na mteremko.

Ndipo baba alikuandikia, na wewe ukamjibu ile barua iliyofika kabla ya Pasaka. Alivaa miwani akaisoma mwenyewe, kisha akaisoma tena kwa sauti mbele yetu. Ulieleza kwamba katika kliniki unayosomea mmeanza kujaribu dawa mpya kwa farasi wenye jeraha kama la Dishesi. Kwamba mnavuta uboho katika mfupa wa kifua cha farasi mwenyewe, mnatenga zile chembechembe zenye nguvu ya kuzaa nyama mpya, mnazikuza katika maabara mpaka zinakuwa nyingi, kisha mnazirudisha kwa sindano pale mshipa ulipochanika, ili upone kama mshipa na sio kama kovu gumu. Uliandika wazi kwamba bado mnajaribu, na kwamba hamjui farasi wangapi watakimbia tena. Uliandika hivyo, nakumbuka. Halafu mwishoni uliandika: mumtunze, asibebe mzigo, mpaka nitakapokuja.

Baba alishika hayo maneno ya mwisho. Yale mengine aliyatafsiri kwa namna yake. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, nilimsikia anamweleza shemasi Mathe.

"Unaonaka kahawa? Unatoa mbegu kwa muti mama, unaiweka mu pepinieri ya miche, inaongezeka, kiisha unairudisha mu shamba. Ni vile tu. Ni mbegu yake mwenyewe, mwili haiwezi kuikatala."

Mathe alimwambia, "Abdias, sisi benyewe hatuna hata dawa ya malaria."

"Itafika," baba alisema. "Kila kitu inaanzaka kwa bengine."

Hakuwa mjinga, Phinées. Nataka ulielewe hilo. Watu hapa wanamsema sasa kama mzee aliyepotewa na akili kwa ajili ya mnyama. Lakini ulikuwa hujaona uso wake miaka hiyo yote, tangu farasi wa kwanza wa patron walipochinjwa mbele yake. Barua yako ilikuwa kitu cha kwanza kilichomwambia kwamba kitu kilichoharibika kinaweza kutengenezwa tena. Alinyooka mgongo. Alianza hata kupanga namna atakavyojenga kibanda kisafi cha wewe kufanyia kazi.

Mwezi wa tano walikuja watu wa bunduki. Sitaandika ni wa upande gani, barua inapita mikononi mwa wengi. Komanda wao alikuwa kijana, mwenye adabu hata. Aliingia katika kiwanja akauliza farasi ni wa nani. Baba akajibu ni wa kubeba dawa. Komanda akasema wanamchukua, akampandisha mtu wake mmoja mgongoni. Kufika kwenye mlango wa uzio, pale panapoteremka, Dishesi akapiga magoti na yule mtu akaanguka.

"Iko malade," komanda alisema. "Muichinje tukule."

Baba akaweka mwili wake mbele ya farasi. "Hapana, komanda. Mutoto yangu ni munganga ya bafarasi kule Ulaya. Atakuja na dawa. Akipona atabebea hata bagonjwa benu."

Komanda akacheka. "Kule bafarasi biko na munganga?"

"Ndiyo."

"Na miguu yabo, ikivunjika?"

"Inatengenezwaka."

"Na batu huku je?"

Baba aliinama akamwonyesha mguu uliofungwa kitenge. Komanda aliacha kucheka. Aliangalia mguu wa farasi muda mrefu, akasema watarudi siku moja kuona kama munganga alifika. Waliondoka na mbuzi wetu wawili. Baba aliona tumeshinda.

Kisha vita vikapanda kutoka Kanyabayonga, na mwezi wa sita vikafika upande wetu. Ilikuwa asubuhi, wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kuingia darasani. Tulisikia milio kwenye kilima cha kanisa, nikawafungulia mlango wakimbilie kwa wazazi wao. Nyumbani nilikuta mama amefunga vitu, na Nzanzu, mdogo wetu wa mwisho, amevipakia juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Baba alikuwa amesimama na kamba ya farasi mkononi.

"Baba, twende," nilimwambia.

"Mutangulie. Mimi nitapita naye polepole njia ya chini. Mulima hataweza."

"Njia ya chini ndiyo banakujia."

"Basi nitajificha naye mu kinakina mpaka bapite."

"Umuache, baba. Ni munyama."

Aliniangalia bila kukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Tamar, Phinées aliandika tumutunze mpaka akuje. Akikuja, akute nini?"

Mama alimshika mkono wa shati. Baba alivua koti lake la mvua, akamvisha mama, akalifunga vifungo mpaka shingoni kama mtu anayemvisha mtoto. Alimnong'oneza kwa Kinande neno ambalo mama hajataka kuniambia mpaka leo. Tukaenda.

Tulipofika juu ya kilima, ambapo unaweza kuona mabati ya shamba, Nzanzu alisimamisha chukudu. Alisema, "Narudi kumuchukua muzee. Nitamubeba kama ni lazima." Nilimkataza. Mama hakumkataza, na hilo ndilo linalomfukuzia usingizi. Nzanzu alishuka mbio. Unajua alivyokuwa anakimbia.

Yaliyobaki ninayo kutoka kwa Nzanzu. Aliyasema mara moja, na sitamwomba ayaseme tena.

Alimkuta baba ndani ya kinakina, amefunika pua ya farasi kwa kiganja ili asilie. Alimsihi. Baba alikubali, Phinées. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kweli na kwa sababu utalihitaji. Alikubali kumwacha. Alikuwa anamfungua kamba ili aende porini mwenyewe. Risasi zikapigwa karibu, farasi akashtuka akalia, na wale watu wakafuata sauti.

Hawakuwa wale wa mwezi wa tano. Hawa walikuwa na masanduku mazito, walitaka farasi ayabebe. Walimpakia, akaanguka kwenye mfereji. Mkubwa wao alimwambia baba kwamba amemlemaza farasi makusudi ili wao wasimpate. Baba alianza kueleza. Alieleza mshipa ulivyochanika, na kwamba kuna dawa, kwamba mtoto wake. Nzanzu anasema alikuwa anaeleza kwa utulivu, kama siku ile mbele ya kanisa. Walimpiga risasi katikati ya maneno.

Nzanzu alipiga kelele akamrukia yule mtu. Walimlaza chini. Mmoja alichukua panga akamkata nyuma ya mguu wa kulia, juu ya kisigino, akasema, "Na weye utembee sasa kama farasi yako." Halafu walimuua farasi, wakawasha moto. Nzanzu alilala ndani ya mfereji mpaka walipomaliza kula na kuondoka. Ile harufu bado inamfuata. Hapa kwa Ananie, siku wanapochoma nyama, anatoka nje.

Shemasi Mathe alikuwa amejificha katika shamba la kanisa. Ndiye aliyemkuta, akamfunga mguu kwa shati lake. Yeye na wanaume wawili walimzika baba palepale, kando ya uzio wa farasi, wakaomba maombi mafupi kwa sababu walikuwa wanasikia watu. Hakupata sanduku. Alifunikwa na blanketi ile ya tandiko, hakukuwa na nyingine. Kisha walimbeba Nzanzu kwa zamu, mgongoni, na walipofika njia pana wakampakia juu ya chukudu ya mtu. Mimi nilikuwa barabarani kila siku naangalia wanaoingia Butembo. Nilimwona mdogo wangu, ambaye amesukuma mizigo ya watu tangu alipoacha shule, anafika akiwa yeye ndiye mzigo.

Munganga wa hospitali alikuwa mtu mwema na alisema wazi. Kidonda kilikuwa kimeoza na ncha ya mshipa ilikuwa imepanda juu ndani ya nyama ya mguu. Alisafisha, akaokoa mguu usikatwe, lakini kuunga hakuweza. Sasa kidonda kimefunga. Kisigino hakinyanyuki. Akitembea anaburuta, anashika ukuta. Elsa, yule msichana wa Kalunguta waliyekuwa wameanza mazungumzo ya ndoa, anakuja Jumapili na chakula, anakaa naye. Wazazi wake hawajayarudia mazungumzo yale.

Basi, jibu la swali lako ni ndiyo. Baba alibaki kwa sababu ya farasi, na alimtunza farasi kwa sababu ya neno lako. Ningeweza kukuficha, lakini siku moja ungelijua kwa mtu mwingine, na usingeniamini tena juu ya jambo lolote. Uliandika kama anavyoandika kila mtoto aliye mbali, mnitunzie mpaka nije. Mimi mwenyewe ningeandika hivyo. Waliomuua baba wana majina yao na mama zao, na mikono yao ndiyo iliyofanya ile kazi. Usichukue ya kwao ukajibebesha.

Lakini hasira nimekuwa nayo, nikuambie. Kule hospitali wamama wanafua bandeji na kuzianika kwenye miti ya uzio. Nilikuwa nimesimama pale na bandeji za Nzanzu, na nikakumbuka ulivyoandika kuhusu farasi wa huko. Kwamba anaoshwa mguu kwa maji ya moto. Kwamba mnamwangalia ndani ya mshipa kwa mashine bila kumpasua. Kwamba mnamwimbia atulie wakati wa sindano. Nilichukia farasi hao ambao sijawaona. Nilikuchukia na wewe kidogo, kwa siku chache. Imepita. Nakuandikia ili usije ukaisikia katika sauti yangu siku nyingine ukashindwa kuelewa inatoka wapi.

Nzanzu hakulaumu. Hakutaja kabisa. Ila wiki iliyopita, nilipokuwa namkanda mguu, aliniuliza, "Yaya, ule farasi wa Phinées, ule wa sindano, alikimbia tena?" Nilisema sijui. Akageukia ukuta.

Mama alikuwa anachambua maharagi, akasikia. Tangu saa ile ana neno moja, na ananiamuru nikuandikie kama lilivyo: "Ile dawa ya bafarasi haiwezi kusaidia mutoto wangu? Si ni mushipa ileile? Si ni mufupa ileile iko mu kifua?" Nimemwambia mtu si farasi. Ananiambia hata baba alisema inaanza kwa wengine.

Donc ninakuuliza, na ninakuomba unijibu kama munganga, usinijibu kama mdogo wangu. Mshipa uliokatwa kabisa kwa panga, ukakaa wazi siku nyingi, ukaoza. Je, kuna mtu huko anayeweza kuurudisha, kwa chembechembe hizo au kwa njia nyingine yoyote? Kama jibu ni hapana, andika hapana katika mstari wa kwanza. Usiandike bado. Usiandike labda siku moja, wala mumtunze mpaka nije. Mama atalia, kisha atakoma kulia, na Nzanzu ataanza kujifunza kushona kwa fundi jirani ambaye ana cherehani ya mkono na yuko tayari kumpokea. Yeye mwenyewe anangoja neno lako ndipo akubali. Na kama jibu ni ndiyo, taja nani, wapi na lini, na mimi sitamwambia mtu yeyote nyumbani mpaka niwe nimeyaona kwa macho. Katika nyumba hii hatuna mtu mwingine wa kumpoteza kwa kungojea.

Usifanye safari sasa. Mtu anayetoka Ulaya anaonekana hapa kama mfuko wa pesa uliofunguka. Kaburi la baba hata mimi sijaliona. Mathe anasema ameweka mawe kuzunguka na anapita kuangalia. Tutaenda sote siku ya kuweza kwenda.

Na uendelee na masomo. Silisemi kwa kukufariji. Baba aliwaambia watu wote wa Kasugho kwamba wewe unajua kutengeneza miguu, basi ujue kweli.

Barua hii naikabidhi kwa Ananie anayepita Kasindi kwenda Kampala kununua bidhaa. Ataiweka posta ya kule. Anakusalimu sana, na mke wake pia. Shemasi Mathe anakusalimu, ametufikia juzi na habari za Kasugho. Elsa anakusalimu ingawa hajakuona. Shalom ananiambia niandike kwamba anajua kusoma jina lako. Nzanzu hakusema nikusalimu, lakini aliniuliza mara mbili kama nimemaliza kuandika.

Mungu wetu Nyamuhanga akulinde barabarani na kazini, akupe mikono isiyotetemeka, na akufanye useme kweli.

Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, ninayekupenda hata leo,

Yaya Tamar